Tufunge Ndama au Tusifunge?

Ndugu zangu, jambo hili lilianza siku ya Alhamisi, saa moja na dakika arobaini asubuhi, katikati ya mlima. Saa naitaja kwa makusudi. Gari la maziwa huondoka kituoni saa mbili kamili, na dereva wake hamngoji mtu, hata awe mama yake mzazi.

Palikuwa na mama mmoja aliyekuwa akibeba maziwa ya kijiji kwa baiskeli. Ng'ombe hawakuwa wake; yeye hakuwa na hata mkia wa ng'ombe. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba alfajiri, akipokea lita mbili hapa, lita tatu pale, akiyamimina kwenye keni mbili zilizofungwa kwenye keria kwa vipande vya tyubu kuukuu, kisha kuyafikisha kituoni gari likiwa bado lipo. Asubuhi ile alikuwa amesimama juu ya pedeli, anausukuma mlima kwa uzito wake wote, mara akasikia kitu kinakatika, ta! kama kijiti kikavu. Miguu ikazunguka bure. Baiskeli ikaanza kurudi nyuma. Akabana breki, na breki zenyewe zilikuwa zimebaki jina. Ikambidi aruke chini, achimbie visigino kwenye changarawe, aikumbatie baiskeli na keni zake kama mtu anayemzuia mlevi asianguke.

Aligeuka, akauona mnyororo umelala barabarani, hatua chache nyuma yake, kama nyoka aliyeuawa.

Aliisukuma kwa mikono mpaka juu. Alipofika kituoni, gari lilikuwa limekwisha kuondoka. Pale liliposimama palikuwa na doa la mafuta tu. Jua likapanda. Mpokea maziwa akafungua keni, akanusa, akafunga.

"Mama, haya sasa ni mtindi," alisema. "Na wala si mtindi mzuri."

Sasa mtu anaweza kusema, ni ajali, chuma ni chuma. Lakini yule mama alijua moyoni mwake kwamba haikuwa ajali. Mnyororo ule ulikuwa umemwonya tangu masika. Ulikuwa ukiruka meno, ukilia, ukidondosha kutu kwenye pindo la khanga yake. Na shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye ni fundi wa baiskeli pale sokoni, alikuwa amemwambia waziwazi.

"Shemeji, huu mnyororo umelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Nunua mwingine nikufungie, na mipira ya breki nikubadilishie. Siku moja utakuacha mlimani."

"Uniache tu. Sitii kitu kwenye hili kongwe."

"Hata grisi?"

"Hata grisi. Kila ninachoitilia hii, naiibia ile."

Ile! Mnaijua ile? Ilikuwa ya buluu, ikining'inia kwa kulabu mbili mbele ya duka lililo juu ya mlima, ina gia mbele na nyuma, na siti yenye springi mbili chini yake. Mama huyu aliijua kuliko alivyoijua nyumba yake. Kila siku ya gulio alisimama mbele yake, akaigusa usukani kwa kidole kimoja, akaondoka. Mwenye duka alikuwa amemzoea. "Mchumba wako mzima, mama," humwambia. "Hajaposwa bado." Naye hucheka, halafu njia nzima ya kurudi hujiona akipanda mlima amekaa, hajasimama, gia zinamsaidia, maziwa hayachezi kwenye keni.

Je, alikosea kuitamani? Hapana! Anayepanda mlima ule kila alfajiri na keni mbili mgongoni mwa baiskeli ana haki ya kutamani gia. Na hakuwa mtu wa kutamani kwa mdomo tu. Chini ya kitanda chake kulikuwa na kibubu, kisanduku cha mbao kilichopigwa misumari pande zote, chenye mwanya mmoja juu. Mnajua desturi yetu: kibubu hakivunjwi kabla ya kujaa. Ukikivunja mapema unaambiwa umeifukuza riziki mlangoni. Mwanzoni, alipokitikisa, kilipiga kelele kama njuga. Siku hizi kilikuwa kimeanza kunyamaza, na kibubu kinachonyamaza ndicho kinachokaribia kujaa.

Basi mchana ule, maziwa ya watu yakiwa yamekwisha kumwagwa, mama aliiacha baiskeli sokoni kwa shemeji yake, akarudi nyumbani, akakitoa kibubu uvunguni, akakifunga kwenye khanga, akaupanda mlima kwa miguu mpaka dukani. Alikuwa amejiambia kwamba mnyororo kukatika ni ishara. Kongwe limekufa, mpya iingie. Hata mwiko wa kibubu alikuwa tayari kuuvunja.

"Umekuja wakati wake," mwenye duka alimwambia. "Asubuhi kaja mwalimu mmoja, kaizunguka, kapanda, kashuka, kapanda tena. Kesho anarudi."

Moyo wa mama ukaruka kama ule mnyororo. "Lakini kibubu hakijajaa, baba."

"Basi toa kishika uchumba! Vunja hapa, niachie kilichomo, mimi naiingiza ndani, hakuna atakayeigusa. Baada ya mavuno unamalizia, unaondoka nayo."

"Na mpaka mavuno, maziwa niyabebe na nini?"

"Hilo ni la maziwa, mama. Mimi nauza baiskeli."

Akaomba nyundo. Mwenye duka akampa. Mama akakiweka kibubu kwenye ngazi ya duka, akainua mkono. Mkono uko juu. Na hapo, nyuma yake, sauti ikamwita.

Alikuwa ni bibi mmoja wa kule bondeni, anatoka mashineni kusaga, ndoo ya unga kichwani. Bibi yule ana ng'ombe mmoja tu, na dawa yake ya presha hununuliwa kwa maziwa ya ng'ombe huyo. Habari za buluu alikuwa hazijui. Yeye aliuliza lile swali ambalo kila mfugaji pale humuuliza mbeba maziwa kabla jua halijatua.

"Mwanangu, kwa kesho tufunge ndama au tusifunge?"

Kwa wale ambao hawajalala karibu na zizi, niwaeleze. Jioni ndama hutengwa na mama yake, hufungwa kamba upande wa pili, ili alfajiri kiwele kiwe na cha kukamua. Ndama hulia. Hulia mpaka wewe mwenye ng'ombe unajiona mkatili. Unavumilia kilio kile kwa sababu moja tu: mbeba maziwa amesema atakuja. Akisema haji, ndama anaachiwa anyonye, ashibe. Lakini akisema anakuja, kisha asifike na maziwa yako yanakotakiwa, ndama amelia bure.

"Jana nilimfunga," bibi akaendelea, anaiweka sawa ndoo yake. "Alilia huyo! Nikamwambia, nyamaza mwanangu, mbebaji wetu anapita alfajiri. Basi. Sikulaumu, nimesikia habari ya mnyororo. Nauliza tu nijue, maana jua nalo linakwenda."

Mama akaitazama buluu. Ilikuwa nzuri, ndugu zangu, tusijidanganye. Ilikuwa nzuri kuliko siku zote. Akaitazama nyundo. Na katika kile kipindi kifupi, mkono ungali juu, akaona jambo alilokuwa halioni tangu masika: baiskeli aliyokuwa akiiota ilikuwa yake peke yake, bali lile kongwe aliloliacha lishike kutu lilikuwa limebeba nyumba kumi na mbili. Alidhani anajinyima. Kumbe waliokuwa wakinyimwa ni wengine.

"Funga, bibi," alisema.

"Nifunge?"

"Funga! Nakuja!"

Nyundo ikashuka. Mbao zikapasuka, fedha zikatawanyika kwenye ngazi. Mwenye duka akachuchumaa amsaidie kuokota, anatabasamu, anadhani posa imekubaliwa. Mama akazikusanya zote kwenye khanga, akapiga fundo, akamrudishia nyundo yake.

"Mama, unakwenda wapi? Huyu kesho anaolewa na mwalimu!"

"Mpe hongera zangu!" alijibu, na alikuwa amekwisha kuvuka barabara.

Shemeji yake alimwona anakuja mbio.

"Karibu, shemeji. Leo umekuja na fedha au umekuja na maneno?"

"Mnyororo mpya. Mipira ya breki, mbele na nyuma. Tairi la nyuma. Na ile pedeli inayolalamika. Kabla jua halijazama."

"Na grisi?"

"Na grisi, mchokozi wewe!"

Shemeji akacheka mpaka akaishika meza. Kisha akaacha kucheka, akakunja mikono ya shati. Aliipindua baiskeli, akaifumua, akasugua kutu kwa msasa, akanyoosha spoku, akafunga mnyororo, akauzungusha kwa mkono. Ukapita kimya, kama maji kwenye mfereji. Mama akainama akausikiliza. Alikuwa amesahau kwamba baiskeli yake inaweza kunyamaza.

"Kimebaki kitu kimoja," shemeji alisema. "Kengele."

"Kengele ya nini, na breki nimeweka mpya?"

"Ili wanaokungoja wajue unakuja."

Akaifunga. Na jua likiwa limeshikilia ukingo wa kilima, yule mama akashuka bondeni na baiskeli yake kuukuu, upepo unaipepea khanga, kidole gumba hakiachi kengele. "Fungeni! Fungeni ndama! Kesho nakuja!" Watu wakatoka uani. Mmoja aliyekuwa ameishika kamba, ndama ameanza kumponyoka kuelekea kwa mama yake, akamvuta nyuma. "Anakuja! Fungeni!" Nyumba ikapokezana na nyumba. Alipoufikia ukingo wa kijiji, ndama wa bonde zima walikuwa wakilia kwa pamoja, na yule mama akashuka kwenye baiskeli, akasimama, akasikiliza. Hakuwahi kusikia kwaya tamu kama ile. Kila kilio kilikuwa mtu aliyeamini neno lake.

Sasa sisi, ndugu zangu. Sisi tuliokaa hapa.

Sisi nasi tuna vibubu, na ndani yake hatukuweka fedha. Tumeweka wema wetu. Tunasema nitamtembelea mgonjwa nikipata usafiri wangu. Nitafundisha watoto nikijaliwa muda. Nitasema na ndugu yangu tuliyekosana, nikiwa na moyo mpana kuliko huu nilio nao, maana huu wa sasa umepata kutu, unaruka meno. Tunamngoja yule mtu mpya tutakayekuwa, wa buluu, mwenye gia. Na huyu tuliye naye, huyu ambaye Mungu anampandisha mlima leo, hatumtilii hata grisi!

Wewe unayesali kila siku ubadilishiwe maisha, je, uliwahi kukaza hata nati moja ya haya uliyopewa?

Sisemi msiweke akiba. Nimesikia seremala amempigia yule mama kibubu kingine, na kimekwisha kuanza kupiga kelele. Vizuri, kitajaa kwa wakati wake. Ninachosema ni hiki: jioni ya leo, mahali fulani, yuko mtu amefunga ndama kwa sababu yako. Mtoto ambaye umemwambia utamsikiliza. Mzazi aliyewekewa miadi. Jirani anayevumilia kilio kwa sababu ulisema, kwa mdomo wako huu, kwamba unakuja. Wala hakuulizi utakuja na baiskeli gani. Anakuuliza afunge, au asifunge.

Mjibuni basi. Mjibuni leo, jua halijazama, kwa mnyororo mlio nao!

Na mnataka kujua yule mama alifanya nini asubuhi iliyofuata? Ijumaa, keni zake zikiwa zimejaa mpaka kwenye kifuniko, kwa maana hakuna hata nyumba moja iliyokuwa imemwachia ndama, aliuanza ule mlima amesimama juu ya pedeli. Pale mnyororo ulipolala jana yake, alipita. Pale alipochimba visigino, alipita. Hakushuka. Akafika juu jasho linamtiririka, na kule mbele kituoni gari la maziwa bado limesimama, milango wazi, dereva anakunywa chai yake. Mwenye duka alikuwa ndiyo kwanza anaitundika buluu kwenye kulabu zake.

"Mama! Mwalimu bado hajafika! Leo humsalimii mchumba?"

Hakusimama, wala hakugeuza shingo. Alinyoosha kidole gumba, akaipigia kengele mara mbili, akapita.