Kofi la Lusina

Hapo zamani za kale, wanangu, siku ambazo wanyama walilima, wakapika na kugombana na majirani kama sisi, Mbogo alikuwa na shamba la lusina. Mnaijua lusina, yale majani laini ya mifugo? Basi nyumba nzima ya Mbogo ilikula lusina asubuhi, mchana na jioni.

Mpakani mwa shamba, juu ya mgunga, ulining'inia mzinga wa nyuki. Humo aliishi Somoe, nyuki mdogo wa mwili, mwingi wa maneno.

Mwaka ule jua liliwaka hadi maua yote ya porini yakakauka. Asali ikaisha mzingani, watoto wa nyuki wakawa wanalala na njaa. Palibaki mahali pamoja tu pabichi, shamba la Mbogo, kwa sababu alilinywesha kwa mfereji. Lakini Mbogo alikuwa na desturi yake. Vichipukizi vya maua vikianza tu kuchungulia, anashika mundu. Shwa! Shwa! Shwa! Halichanui hata ua moja.

Somoe akaenda mlangoni kwake.

"Hodi, mjomba! Shikamoo!"

"Marahaba. Sema upesi, nina njaa."

"Una njaa? Basi utanielewa. Tuachie lusina ichanue, siku chache tu. Watoto wetu wanakufa."

"Ikichanua si inakuwa ngumu kama kuni? Nani atanitafunia, wewe?" Mbogo akacheka, ho-ho-hooo! "Halafu nyuki na lusina, wapi na wapi? Hameni! Kelele zenu zinanikosesha usingizi wa mchana. Kesho nakata."

Somoe akaondoka, machozi yakimlengalenga. Alitamani kumchoma puani! Lakini nyuki akichoma hufa, na akifa yeye, nani atawatafutia wale watoto?

Kando ya mfereji akaona shina moja la lusina lililosahauliwa na mundu. Lilikuwa limechanua maua ya zambarau.

"Alaa!" Akatua, akasukuma kichwa katikati ya ua. Pwaa! Ua likafyatuka, likampiga kofi la kidevu.

"Mama yangu! Ua gani hili lenye mikono?"

Akajaribu la pili. Safari hii alipenyeza ulimi ubavuni mwa ua, polepole. Hakupigwa. Na utamu ulikuwemo! Somoe alicheka peke yake kwa furaha, kisha akaanza kuwaza.

Asubuhi Mbogo alipofika na mundu wake, alimkuta Somoe kwenye shina lile lile.

"Mjomba, kata upesi! Kata yote!"

"Kwani kuna nini?"

"Tazama mwenyewe." Somoe akachagua ua jingine, akasukuma kichwa katikati. Pwaa! Akabiringika chini, miguu juu. "Wee! Nimekufa! Na hili ni ua moja tu. Shamba zima likichanua, itabidi tuhame!"

Mbogo akaweka mundu chini taratibu. "Kumbe?" Akatabasamu hadi masikioni. "Basi sikati!"

"Usitufanyie hivyo, mjomba!"

"Sikati, nimesema!"

Siku ya saba shamba lote lilikuwa zambarau. Mbogo akatoa kiti nje apate kuwaona wakihama. Vuuuuu! Nyuki wakaja maelfu kwa maelfu.

"Wamekuja kuaga," akamwambia mkewe.

Kesho yake wakaja tena. Kesho kutwa pia.

"Kuaga gani huku?" mkewe akauliza. "Mbona wanaondoka na matumbo yamejaa?"

Mbogo akasogea kutazama. Nyuki wakubwa walinyonya kwa ubavuni, hawaguswi. Wachanga tu ndio walisahau, pwaa! pwaa! wakainuka wakicheka.

"Somoe! Umenichezea shere!"

"Nimekuchezea, mjomba," Somoe akajibu kutoka mgungani. "Nilikuja na hodi, ukanicheka."

Mbogo akainamisha pembe. Aliona haya. Chakula chake sasa kilikuwa kigumu kweli, krau, krau, mpaka taya zikamuuma. Lakini baada ya wiki kadhaa, kila ua lililokuwa limefyatuka na kumpaka nyuki chavua lilikuwa limefunga mbegu. Mbogo, ambaye kila mwaka alikwenda kumwomba Swala mbegu ng'ambo ya mto, akajaza kapu lake mwenyewe. Na Somoe akamwachia kipande cha sega, alainishe taya.

Tangu hapo Mbogo akikata lusina, kile kipande cha shamba kilicho chini ya mgunga hakigusi mpaka kichanue.

Basi wanangu, anayebisha hodi kwa adabu msikilizeni, maana mkimfungia mlango atapitia ubavuni.