Migono Mbele ya Dirisha la Jiko

Kila kitu kikikaa sana huoza. Samaki huoza, mbao huoza, hata ahadi za wakubwa huoza kabla hazijatoka vinywani mwao. Kitu kimoja tu wahenga walikitenga. Walisema wema hauozi, yaani jema alilotenda mtu hukaa likingoja siku yake, hata kama mtendaji mwenyewe amekwisha kulala kaburini.

Mwaka ule wa korona, Liévin alikuwa mpishi katika chuo kimoja cha ualimu mjini Kisangani. Mkewe, Adeline, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na jiko la chuo ndilo lililomshikilia asianguke. Hapo alikuwa na watu wa kuwapikia. Kwake Lubunga, ng'ambo ya mto, sufuria zilikuwa zimefunikwa kifudifudi.

Chuo kilipofunguliwa tena, amri ilishuka kutoka ofisini: ukumbi wa kulia ufungwe, chakula kitolewe dirishani, wanafunzi wasimame mbalimbali. Amri ilikuja mikono mitupu kama mgeni asiye na mzigo. Haikuleta kamba, wala ubao, wala mtu wa kusaidia. Wanafunzi waliponusa pondu, yale majani ya muhogo, ikichemka na mawese, walijazana dirishani kama nyuki mzingani.

Mkurugenzi alikuja, barakoa imempanda hadi machoni, akasimama mbali.

"Papa Liévin, kesho wakisukumana tena, nafunga jiko. Na wewe utarudia kwako."

"Patron, mikono yangu iko mbili tu. Nipakue, ama nizuie watu?"

"Bon, panga mambo. Ni wewe mukubwa wa jiko."

"Ah! Leo ndiyo nimekuwa mukubwa!" alinung'unika Liévin.

Florentine, mfagiaji wa ua, aliyasikia yote. Alikuwa binti wa Wagenia, wavuvi wa maporomoko, na kila asubuhi Liévin alimpokea kwa maneno yaleyale: "Mama Florentine, pita mbali! Harufu ya samaki yako inafika mbele yako." Naye humjibu: "Na moshi yako, papa, ilifika kwetu tangu jana." Siku hiyo hakutania. Aliegemeza ufagio ukutani, akaenda zake.

Kesho yake, kabla ya saa ya chakula, langoni iliingia migono, vile vikapu virefu vya fito ambavyo Wagenia huvitega kwenye maji makali. Florentine na kaka yake Bavon walikuwa wameifunga juu ya baiskeli, wakiisukuma huku jasho likiwatiririka. Waliilaza uani mmoja nyuma ya mwingine, kuanzia dirishani hadi bombani. Kila mwanafunzi akawa na nafasi yake katikati ya mgono na mgono. Aliyetaka kusukuma alisukuma fito, nazo fito zikamrudisha.

"Mama Florentine, tumekuwa samaki sasa?" alipiga kelele mwanafunzi mmoja.

"Samaki iko na akili kukupita! Simama pale!"

Wakacheka, wakasimama. Mkurugenzi alichungulia kutoka mlango wa ofisi, akatikisa kichwa kukubali, akarudi ndani. Hakuacha hata asante. Lakini jiko halikufungwa.

Liévin alipomaliza kupakua, alitoka nje.

"Mama, hii migono ni ya kazi. Leo munavua na nini?"

"Na ile imebakia," alijibu Bavon. "Samaki itatungojea."

"Lakini mimi niliwafanyia nini? Maneno mabaya tu."

"Wewe? Hata kitu!" Florentine alicheka, kisha akatulia. "Ni mama Adeline. Wakati nilizaa Daniella, mama yangu alikuwa amekufa, bwana yangu alikuwa mbali, kule Isangi. Adeline alikuwa anakuja kila asubuhi, ananikanda na maji ya moto, anaosha mutoto, mpaka nikapata nguvu. Alikataa hata samaki moja. Alisema, 'Utamupa mwingine.' Basi, papa, mwingine ni wewe."

Liévin alizikumbuka asubuhi zile Adeline alipowahi mtumbwi wa kwanza akisema anaenda sokoni. Machozi yalimtoka, na safari hii hayakuwa machungu. Alirudi jikoni, akaitoa sahani yake mwenyewe, akaijaza upya hadi ukingoni.

"Mama Florentine," aliita kutoka dirishani, "pita karibu."

Jiko lile halikuokolewa na amri ya mkubwa yeyote, bali na mikono ya mwanamke aliyekwisha kuzikwa. Ama kweli, wema hauozi.