Kitanda Kimoja kwa Watu Watatu

Sikilizeni hiki kisa, kisha mniamulie, maana mimi nimeshindwa.

Walikuwepo watu watatu walioungua kwa sufuria za presha za aina moja, zilizowalipukia jikoni. Nyamizi, mama lishe, alikuwa hasahau sura wala jina la mtu. Mihayo alikuwa fundi wa vyombo. Akikishika chombo, anajua kinaumwa wapi. Kabula, mwalimu wa zamani, alijua kuweka neno mahali pake.

Sufuria ziliwaharibu. Kope za Nyamizi hazifungi tena, macho yanakauka na giza linamjia polepole. Vidole vya mkono wa kulia wa Mihayo viligandana vikawa donge. Ngozi ya shingo ya Kabula ilijikunja ikavuta kidevu hadi kifuani, na chakula humpalia kila siku.

Serikali ikatangaza kwamba itaanzisha daftari la bidhaa hatari kwenye mtandao, ili mtu atazame kabla ya kununua, na ikaomba wananchi watoe maoni. Lakini rasimu ya kanuni zake ilisema bidhaa itaandikwa humo pale tu muuzaji atakapokubali. Kuhusu sufuria zile, maafisa walisema malalamiko ni matatu tu nchi nzima.

Nyamizi akafunga uso kwa kitambaa, akazunguka wilaya nne, wodi kwa wodi, soko kwa soko. Watoto walimkimbia. Alirudi na habari za watu sitini na watatu, kila mmoja kwa jina, tarehe na kidonda chake, vyote kichwani. Karani wa serikali aliziandika kwa siku mbili.

Maafisa wakasema basi ni uzembe wa wapishi. Mihayo akakusanya sufuria kumi na moja, akazipasua kwa msumeno mbele ya kamati iliyokuwa ikipokea maoni, kwa mkono wa kushoto, huku donge la kulia likivuja damu. Katika kila moja kitundu cha kutolea mvuke kilikuwa kimezibwa na tone la chuma tangu kiwandani. Baada ya hapo hakuna aliyetaja uzembe.

Ikabaki rasimu. Kabula akaandika sentensi moja: taarifa ya mwananchi itachapishwa ndani ya siku kumi, muuzaji akubali asikubali. Aliposimama ukumbini kuitetea, wakili wa wauzaji alimwambia avue khanga, watu waone kama kweli aliungua. Ukumbi ulijaa wanaume. Kabula akavua, akaisoma sentensi yake mpaka mwisho. Ikapitishwa.

Daftari likafunguliwa, na mwezi haukuisha sufuria zikaondolewa madukani.

Ndipo mkurugenzi wa ofisi ya daftari, Bwana Rwegoshora, akawaita. Akawaambia madaktari bingwa wa kurekebisha majeraha wamekuja nchini, nao wameipa ofisi yake kitanda kimoja cha upasuaji, kiwe shukrani kwa mwananchi aliyefanikisha daftari.

"Kubalianeni wenyewe kabla ya saa kumi," alisema. "Mkishindwa, nakirudisha."

Akatoka kwenda kunywa chai.

Mwanzoni kila mmoja alimsukumia mwenzake. Kisha Nyamizi akasema taratibu kwamba madaktari wamempa miezi mitatu kabla ya kupofuka. Mihayo akasema kipofu hulishwa, lakini fundi asiye na mkono watoto wake sita watalishwa na nani. Kabula akasema wao wawili angalau wanameza.

"Dada Nyamizi," aliongeza, "bila sentensi yangu, majina yako yangeoza kabatini."

"Na bila majina yangu, mdogo wangu, ungekuwa mwanamke mmoja tu aliyevua nguo mbele ya wanaume."

Mihayo akawaambia wote wawili kwamba kabla hajapasua sufuria walikuwa wapishi wazembe, na pengine ndivyo walivyo.

Watu hawa walikuwa wamelala wodi moja, wakipakana dawa kwa zamu. Sasa kila mmoja aligeuza kiti chake akatazama ukuta.

Saa kumi mkurugenzi akarudi, akaketi, akauliza jina. Viti vitatu vikabaki vimeelekea ukutani. Akaanza kuikunja fomu ya kitanda.

Mzuieni mkono. Bila mmoja wao daftari lisingekuwepo, na kitanda hakigawanyiki. Semeni, aandike jina la nani? Na wale wawili mtakaowaacha, nani kati yenu atawatazama usoni awaambie?