Mafiga ya Majabalini

Hapo zamani... lakini ngoja. Asiyeamini anyooshe mkono sasa hivi nimwone, maana nikishaanza sirudi nyuma. Hakuna? Nilijua. Hata wewe mwenye miwani umetulia. Mimi shule niliiacha darasa la tano, tena niliiacha ikilia, lakini hadithi hii hata mwalimu wako mkuu haijui.

Hapo zamani palikuwa na kijiji kiitwacho Majabalini. Mawe, bwana! Ukipanda muhogo unavuna jiwe. Mtoto akianguka, jiwe ndilo linalolia. Nyumba thelathini na moja, zote za mawe, na ubishi wa wenyewe mgumu kuliko nyumba zao. Walichokosa ni maji. Kisima chao kilikuwa kirefu hivi kwamba ukitumbukiza ndoo asubuhi, mlio wake unausikia ukiwa unakula cha mchana. Unacheka? Kacheke ukiwa na kiu.

Basi Liwali wa mji wa Tandaa, mwendo wa siku nne mpaka kwenye mdomo wa mto, akawatumia mjumbe: "Njooni mkae kwangu, nina mtaa mtupu. Ila sheria yangu ni moja. Mtaa usiotoa moshi wa jikoni ndani ya siku tatu tangu wenyewe kuingia si mtaa, ni kiwanja. Na kiwanja nakichukua."

Majabalini jambo kubwa haliamuliwi kwa kelele, huamuliwa kwa kokoto. Wakamtuma Vuai, kijana mwenye miguu mirefu mpaka magoti yake yalikuwa yakisalimiana na watu wa vimo vyao, akaukague mji. Akirudi ataje tamu na chungu. Kila tamu, kokoto moja kulia. Kila chungu, kokoto moja kushoto.

Vuai akaenda, akakaa siku kumi, akarudi. Watu wakamzunguka.

"Maji yapo?"

"Yapo. Mtu anachota amesimama wima." Kokoto kulia.

"Majirani je?"

"Hawakusalimii mpaka mgombane." Kokoto kushoto.

"Mganga wa kuunga mifupa?"

"Wapo watatu, wanagombea mguu wako." Kulia.

"Na mbu?"

"Mbu wa kule, mama, wanapiga hodi." Kushoto.

"Kazi?"

"Ipo, ukubali kuamrishwa." Hapo wakabishana mpaka jua likahama, mwisho akaweka moja kulia na moja kushoto.

Wakaenda hivyo mpaka maswali yakaisha. Wakahesabu. Kulia tisa, kushoto tisa. Watu wakatazamana. Wengine wakaanza kukung'uta makalio waende zao.

Ndipo aliposimama Bibi Mashavu, kikongwe aliyezika mume na wana wawili pale pale. Akasema, "Nendeni, wajukuu zangu. Mimi nabaki. Mji ukiwatapika, mtalikuta jiko. Hiyo si tamu?" Akainama mwenyewe, akaokota kokoto, akaiweka kulia. Kumi kwa tisa. Safari!

Sasa sikiliza mila yao, na usipige miayo. Mtu wa Majabalini akihama hubeba mafiga mawili ya jiko lake. La tatu huliacha mahali pake ili nyumba isife. Afikapo huokota jiwe la huko, likawa la tatu. Chakula cha kwanza lazima kiive juu ya hayo: mawili ya kwenu na moja la ugenini. Vinginevyo hujahama, umetembea tu.

Nyumba thelathini zikabeba mafiga sitini vichwani. Siku nne. Shingo zikaingia mabegani. Wakafika Tandaa, wakatua, wakainama kuokota la tatu.

Wapi! Tandaa yote ni tope na mchanga. Nyumba za matofali, watu wanapikia seredani, yale majiko ya makaa. Watoto wakatumwa mpaka ng'ambo ya mto, wakarudi na kobe. Jiwe hakuna.

Siku ya kwanza, hakuna moshi. Wenyeji wakawaletea seredani. "Pikieni hizi, jamani!" Wabishi wakakataa: "Sisi tumehama, hatukuja kutembea." Siku ya pili, hakuna moshi. Watoto wanatafuna mchele mbichi. Siku ya tatu askari wa Liwali huyo, kaja na kamba za kupimia kiwanja.

Ndipo alipotokea Mize, mjane wa watoto wanne, mwenye ulimi uliotosha watu wanane. Akamwendea jirani yake. "Bi Rehani, figa lako hilo, kwangu mimi ni la wapi?"

"Ni la kwangu."

"Sikuulizi la nani. Jikoni kwangu limezaliwa?"

"Halikuzaliwa kwako."

"Basi kwangu ni geni! Lete!"

Watu wakapiga makofi vichwani mwao wenyewe. Nyumba tatu zina mafiga sita. Mafiga sita ni majiko mawili. Nyumba ya tatu ikatoa mafiga yake yote, moja huku, moja kule, ikala kwa zamu kwenye majiko yote mawili. Nyumba thelathini, majiko ishirini, na hakuna aliyeweza kuivisha chungu bila jirani. Askari alipofunua kamba yake, moshi ulimwingia machoni. Kaondoka analia. Watu wa namna hii mimi nawavulia kofia, na kofia yangu siivui ovyo.

Mwaka wa pili mto ukafurika, maji mpaka madirishani. Wakabeba watoto, wakarudi Majabalini. Wakamkuta Bibi Mashavu, mgongo umepinda kama ndoana, na mafiga thelathini yamepakwa chokaa, hata moja halijaota nyasi. Kisima kisichowatosha wote kilimtosha mmoja, na kila siku alikuwa akiweka akiba. Mitungi imepangwa mpaka uani. Wakanywa mwezi mzima, maji yakapungua mtoni, wakarudi mjini wakiwa hai wote.

Liwali akapendezwa. Akasimamisha nguzo mlangoni mwa mtaa. "Liandikwe jina la mtu mmoja. Mmoja tu."

Vuai akasema, "Bila mguu wangu, mngekuwa bado mnasikiliza ndoo."

Mize akasema, "Mguu wako ulitufikisha kwenye njaa, kaka'ngu. Bila akili yangu, mngekuwa mnalala kwenye kiwanja cha Liwali."

Bibi Mashavu akatuma neno: "Mimi sitaki nguzo. Ila mwambieni huyo Liwali, bila mgongo wangu, huo mtaa ungekaliwa na samaki."

Wakabishana. Wanabishana mpaka leo, na nguzo ni tupu.

Umeshachagua? Usiniambie bado. Kuna kipande nimekiruka.

Mimi ni kitukuu cha Vuai. Babu yetu alipokaribia kufa alifumbua kiganja, na ndani yake mlikuwa na kokoto. Zile siku kumi za Tandaa aliinama kila alipopita, kwa mazoea ya kwao, na jiwe hakuliona. Alijua figa la tatu halitapatikana. Pale kwenye kikao aliishika kokoto hiyo ya kushoto, akawatazama watoto wenye midomo iliyopasuka kwa kiu, akafumba mkono. Angeiweka, hata ile ya Bibi Mashavu isingewatoa. Kumi kwa kumi, wangebaki.

Kokoto yenyewe ninayo hapa mfukoni. Ishike, si nzito. Haya, sasa niambie ukiwa umeishika: je, pale nguzoni liandikwe jina la nani?