Kwa Nini Mgonjwa wa Vumbi Hulishwa Vumbi

Mkimwona mtu akipewa dawa iliyotengenezwa kwa utitiri uleule unaombana kifua, msidhani jambo hilo lilianza kwa urahisi. Lilianza kwa hofu, katika kijiji kimoja cha milimani chenye baridi kali, enzi ambazo utitiri wa vumbi ulionekana kwa macho, mkubwa kama punje ya ulezi.

Watu waliuchukia. Waliufagia, wakaumwagia majivu ya moto, wakachoma mikeka ulimojificha. Utitiri ukamlilia Muumba auokoe, naye akaudogosha hata jicho lisiuone tena. Kijiji kikashangilia. Hakikujua kwamba sasa kinalala nao kitanda kimoja.

Ndipo watu wakaanza kukabwa usingizini. Macho yaliwavimba, vifua vikalia kama filimbi, na kila nyumba ikaishuku nyumba ya jirani kwa uchawi. Mfinyanzi mmoja, Nanzia, alimpoteza mwanawe wa kwanza hivyo hivyo. Binti yake Nambua alipoanza kukohoa kila alipojilaza, Nanzia hakuthubutu hata kufumba macho. Akampeleka kwa mama mkwe wake, Namsemba, aliyejua mitishamba.

Namsemba alikung'uta ngozi kuukuu ya kulalia, akagusa vumbi lake kwa ncha ya mwiba, kisha akauchovya mwiba ule katika maji.

"Mama, unataka nimlishe mwanangu kinachomuua?" Nanzia aliuliza.

"Utitiri haukuisha, umo humu vumbini usikoonekana. Mwili wake unaushtukia kana kwamba ni simba. Mshtuko huo ndio unaombana. Tuuzoeshe mwili kidogo kidogo, mpaka ujue ni mdudu tu."

Tone likawekwa chini ya ulimi. Midomo ilimwasha mtoto, ikatulia. Wakaendelea hivyo, tone kwa tone.

Lakini majira ya baridi yalipokaribia, yale yaliyomchukua mwanawe wa kwanza, hofu ilimshinda Nanzia. Akachota vumbi tele, akampa Nambua kijiko kizima ili apone upesi, kisha akaenda kisimani. Aliporudi alimkuta sakafuni, uso umevimba, midomo imegeuka zambarau, anafumbua kinywa na sauti haitoki.

Alimbeba mbio huku akipiga mayowe. Namsemba alimkalisha mtoto wima, akamdondoshea maji ya mzizi wa kufungua kifua. Wakangoja bila kujua kama pumzi nyingine itakuja. Ikaja, nyembamba. Ikafuata nyingine.

"Sitampa tena," Nanzia alilia.

"Tutampa," Namsemba alisema. "Tutaanza upya kwa tone moja. Na safari hii hatumwachi peke yake."

Ilichukua miaka. Nambua akaja kulala mkekani kama watoto wenzake, akakua, akazaa.

Na tangu siku ile ya kijiko, dawa ya utitiri hutolewa kidogo kidogo kwa muda mrefu, na aliyeipokea haruhusiwi kuondoka papo hapo. Hukalishwa, akaangaliwa. Na mama aliyemleta, hata akiambiwa hali ni shwari, humwinamia mtoto na kumwambia: "Hebu sema neno, nikusikie."