Goti la Puto

Mtaa mzima wa Molo, safari ya meli kutoka Manila, haukuwa na sakafu iliyong'aa kama ya Bi Puring Salcedo. Ilikuwa ya mbao pana za zamani, na kila Jumamosi aliipaka nta nyekundu, kisha akakanyaga nusu ya kumbi la nazi kwa mguu mmoja, akawa anasugua mbele na nyuma, kiuno kikicheza, mpaka mbao zikawa kioo. Wageni walivua viatu mlangoni, wakainama kuangalia nyuso zao chini, wakaguna kwa husuda. Bi Puring alijitia hamnazo. Ukweli ni kwamba miguno hiyo ilimshibisha kuliko wali.

Mumewe alikuwa amefariki, na wanawe wote wawili walikuwa ng'ambo wakiwauguza wazee wa watu wengine. Nyumbani alibaki na Puto, mbwa mdogo mweupe mwenye miaka kumi na mmoja, aliyepewa jina la vile vikeki vya mchele vinavyouzwa asubuhi vingali vya moto. Walikula pamoja na walisikiliza redio pamoja. Ndiyo maana Puto alipoanza kuchechemea, dunia ya Bi Puring nayo ilichechemea.

Ilikuwa wiki mbili kabla ya sikukuu ya mtakatifu wa parokia, wakati ambapo kila nyumba hufungua milango na yeyote apitaye hukaribishwa kula. Bi Puring alikuwa akisugua sakafu kila asubuhi badala ya Jumamosi tu, na kila alasiri alikwenda kanisani kusali novena, zile sala za mfululizo za kuingojea sikukuu. Siku moja aliporudi, mkono wake ukiwa bado kwenye lango, alisikia ndani kilio kikali kama cha mtoto aliyebanwa kidole na mlango. Alipoingia, alimkuta Puto sebuleni akiwa amesimama kwa miguu mitatu, mguu mmoja wa nyuma ameukunja tumboni. Mbwa akaruka-ruka, akautikisa ule mguu kama anayekung'uta maji, mara akautua chini na kutembea kana kwamba hakuna lililotokea.

"We Puto, nani kakugusa?" aliuliza Bi Puring.

Kesho yake yakawa yale yale. Siku ya tatu mguu haukutua mpaka usiku ulipoingia.

Bi Puring alikuwa amefundisha sayansi darasa la sita kwa miaka thelathini. Hakuwa mtu wa kupishana na jambo asilolielewa akaliacha lipite. Alijiuliza kwa nini kilio kije alasiri tu, na kwa nini kije wakati yeye hayupo. Akili yake ikaruka uzio na kutua kwa jirani, Mzee Teroy, mfugaji wa majogoo ya kupigana. Mwezi uliopita Puto alikuwa amepenya chini ya uzio na kumnyofoa jogoo bora manyoya ya mkia, na Mzee Teroy aliapa mbele ya watu kwamba siku akimkamata atamfanya kitoweo.

Alimwendea moja kwa moja. Alimkuta amempakata jogoo, anamsugua mapaja.

"Teroy, mbwa wangu umempiga na nini?"

"Mbwa gani? Yule pamba wako?"

"Usinichezee. Kila nikienda kanisani analia."

"Labda anasikitikia dhambi zako, maana kila siku unakwenda na haziishi."

"Cheka tu. Nitakukamata."

"Nikamate basi, Bi Puring. Miaka saba toka nifiwe na mke, hakuna mwanamke aliyenikamata."

Bi Puring aliondoka amefura. Jioni hiyo alimwita mkandaji, yule yule aliyemkanda mgongo kila msimu wa mvua. Mkandaji alimpaka Puto mafuta ya nazi kuanzia pajani hadi kwenye vidole, akaunyosha mguu, kitu kikalia "tik" na mbwa akatembea. Bi Puring alishukuru sana. Kesho yake, nyayo za Puto zikiwa bado na mafuta, kilio kilikuwa kikubwa kuliko siku zote, na safari hii mbwa hakuutua mguu kabisa.

Alimfunga kwa khanga ya zamani kifuani pake, akapanda pikipiki ya magurudumu matatu mpaka kwa daktari wa mifugo. Daktari Nerissa alikuwa binti mwembamba asiye na haraka. Alilishika goti la Puto kwa vidole viwili, akalisukuma taratibu, pia ya goti, kile kifupa cha mbele, ikahama upande, akairudisha.

"Umeona, bibi? Pia hii ya goti hukaa ndani ya mfereji mdogo kwenye mfupa. Mbwa wadogo wengi huzaliwa na mfereji usio na kina. Basi pia hiyo inachomoka, mguu unakwama. Akiutikisa, inarudi."

"Kwa hiyo hakupigwa?"

"Sioni jeraha. Lakini kuna kitu kinachoichomoa kila siku. Ikiendelea hivi, mfereji utasagika, na hapo ni kisu. Kwa umri wake siwezi kukuahidi kwamba atatembea tena."

Bi Puring alimvuta Puto kifuani. Daktari aliuliza Puto hukimbilia wapi akiwa nyumbani.

"Nyumbani kwangu hakuna neno, mwanangu. Safi mpaka malaika anaweza kulia chakula sakafuni. Ubaya uko kwa jirani."

Daktari alimtazama, akataka kusema jambo, kisha akachukua mkasi na kupunguza manyoya yaliyokuwa yameota kati ya vidole vya Puto. "Mpunguzie na wali," alisema. "Na uangalie kwa macho yako mwenyewe kabla hujamlaumu mtu. Mimi nasubiri jibu."

Neno hilo lilimkaa mwalimu mstaafu. Kuangalia kwa macho! Ndilo alilokuwa akiwahubiria wanafunzi wake, na yeye hakuwa ameangalia chochote. Alimweka Puto ndani ya tenga siku tatu, mpaka akawa anatembea tena kwa miguu minne. Siku ya nne alijifunga mtandio, akachukua rozari, akaaga kwa sauti kubwa, akatoka. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba na kujibanza kwenye migomba.

Hakungoja sana. Puto alitoka kwa mlango wa jikoni, akapita chini ya uzio na kuingia kwa Mzee Teroy. Bi Puring alikaza rozari mkononi. Mzee Teroy aliinama. Akanyoosha mkono. Mkononi mlikuwa na kipande cha samaki mkavu.

"Njoo, mchokozi we. Usimwambie bibi yako, atasema nakuwekea sumu."

Puto alikula, akaanza kukimbia uani. Alikimbia kwenye udongo mkavu, akakata kona, akageuka ghafla mbele ya jogoo, akarudi mbio. Miguu yote minne ilikuwa ikifanya kazi. Bi Puring alikodoa macho. Robo saa nzima alihesabu kona zile na hakuona hata mguu mmoja ukikunjwa. Sasa kilio kilitoka wapi? Udadisi ulimuwasha kuliko siafu waliokuwa wakimpanda kisigino.

Kulikuwa na jambo moja tu lililobaki, nalo ni yeye mwenyewe kurudi nyumbani. Alinyata mpaka mbele, akalisukuma lango likalia kama kawaida, kisha badala ya kwenda mlangoni akakimbilia dirishani na kuchungulia.

Puto alikuwa amelisikia lango. Alitokea jikoni mbio, masikio yamelala nyuma, ulimi nje, furaha tupu. Kwenye saruji ya jikoni alikwenda vizuri. Alipokanyaga mbao zenye nta, miguu ya mbele ilikimbia papo hapo bila kusogea, ya nyuma ikatawanyika, moja kushoto, moja kulia, kiuno kikagonga chini, naye akateleza hadi katikati ya sebule. Akalia kile kilio.

Kutoka ng'ambo ya uzio ilikuja sauti. "Bi Puring! Niko huku kwangu, nakunywa kahawa! Leo nimempiga kwa redio?"

Bi Puring alishika kizingiti cha dirisha akatazama ile sakafu ikimeremeta, na katikati yake mbwa mdogo aliyejivunja kwa sababu ya kumkimbilia yeye. Kila asubuhi alikuwa akiutega mtego huo kwa mguu wake mwenyewe, tena akiimba. Alilia, wala hakujificha.

Sikukuu ilikuwa imebaki siku mbili. Wifi yake Encar, ambaye ulimi wake ulijulikana mpaka Manila, alikuwa njiani. Bi Puring alinunua mafuta ya taa, akachukua sabuni na brashi ngumu, akapiga magoti. Alikwangua nta ya miaka arobaini. Mbao zilitoka kijivu, zimechakaa kama uso wa mtu aliyeamshwa. Mzee Teroy aliposikia mkwaruzo alikuja kuchungulia.

"Nisamehe, Teroy," alisema bila kuinuka. "Nilikupakazia bure."

Mzee Teroy alikuna kichwa, akarudi kwake, akaja na magunia ya mpunga na nyundo. Wakayapigilia misumari kuanzia jikoni hadi mlango wa mbele.

Siku ya sikukuu nyumba ilijaa watu na harufu ya nguruwe wa kuchoma. Encar alivua viatu, akaingia, akasimama.

"Mungu wangu, Puring! Nyumba hii imegeuka ghala? Ile sakafu yako iko wapi?"

Mwezi mmoja nyuma neno hilo lingemuua Bi Puring. Lakini Puto, aliyekuwa amefungiwa jikoni asikanyagwe, alisikia jina la bibi yake likiitwa, akaupenya mlango na kuja mbio juu ya magunia. Bi Puring aliziba mdomo kwa kiganja. Mbwa alipita katikati ya miguu ya wageni, akakata kona kwenye meza, akafika miguuni pake akiwa amesimama wima kwa miguu yote minne.

Bi Puring alimnyanyua, machozi yakimtiririka mbele ya wote.

"Ile sakafu, wifi, ndiyo iliyokuwa ikimvunja mtoto wangu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiinoa. Siku zote hizo nilichungulia uani kwa jirani kumtafuta adui." Akamgeukia Mzee Teroy aliyekuwa mlangoni na sahani yake, akatikisa kichwa. "Waliosema hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako."