Mchoraji na Pua ya Marehemu

Soma hii mpaka mwisho, hasa wewe mwenye mtoto mgongoni na mawifi wenye maneno. Mimi nimeisoma mara tatu na moyo bado unanidunda.

Palikuwa na mchoraji kwenye mji mmoja mdogo, watu wakimwita Fundi Mihambo. Kazi yake ilikuwa kuchora sura za watu kwa penseli, na alikuwa na ukaidi mmoja tu: alichora anachokiona. Una kovu la tetekuwanga, analiweka. Jino lako limepishana, na kwenye karatasi linapishana. Bibi harusi mmoja alimwomba amng'arishe rangi kidogo, akamjibu, "Dada, hiyo kazi iko duka la vipodozi. Hapa ni penseli." Wateja wengine walimkimbia, na yeye hakuwafuata.

Sasa mji huohuo ulikuwa na ukoo mmoja, na kijana wao Lugendo aliondoka akiwa na miaka kumi na saba kwenda machimboni, mbali huko. Akakaa miaka kumi na mitano, akaoa hukohuko, akazaa hukohuko, na huku nyumbani anajenga nyumba yake kidogo kidogo. Alikuja kurudi ndani ya jeneza lililofungwa. Ukoo mzima haukuwahi kuiona sura yake ya utu uzima, isipokuwa kaka yake, Shija, aliyewahi kumtembelea mara moja.

Mkewe, Nyamizi, alilisindikiza lile jeneza na mtoto wa mwaka na nusu mgongoni, akafikia kwenye nyumba ya mumewe. Hata arobaini haijafika, Shija akaanza. Yule mtoto si damu yetu. Mama yake afunge mizigo arudi alikotoka, nyumba ni ya ukoo.

Yaani mtu amefiwa, hajamaliza hata kulia, anaambiwa athibitishe mtoto. Athibitishe kwa kitu gani sasa? Maana simu ya marehemu yenye picha zote, mpaka za harusi, Shija alishaichukua siku ya msiba, eti anaitunza.

Shangazi mkubwa wa ukoo, Bi Kalunde, akasema, "Sura ya ukubwani ya Lugendo mimi siijui, na ya utotoni hubadilika. Leteni picha yake kubwa siku ya arobaini, mtoto akae kando yake, watu waone."

Basi Shija akaenda kwa Fundi Mihambo na kapicha ka paspoti kalikoingia maji. Sura imebaki nusu, ila pua inaonekana, nyembamba, imenyooka.

"Nichoree mdogo wangu," akasema. "Ila pua usiifuate hii. Iwe pana."

"Pana ya nani?"

"Pana tu."

"Pua ya pana tu sijawahi kuiona, bosi. Kila pua ina mwenyewe."

"Fundi, hii fremu ya duka unayofanyia kazi ni ya nani?"

"Ni yako."

"Basi chora."

Fundi akaichonga penseli polepole. "Nisichokiona sikichori. Kama pua ya kwenye picha huitaki, lete mtu mwenye pua unayoitaka akae hapa nimwone. Na nikiulizwa nimemchora nani, nitasema."

Shija akacheka. "Nani atakuuliza wewe? Kaa na yangu. Tumetoka tumbo moja."

Akakaa kwenye kigoda siku tatu, kichwa kimeinuka kama anasubiri kupigiwa saluti. Kale kapicha kalivyoharibika, Fundi akajikuta anachukua kwa Shija pua, kidevu, mashavu, karibu kila kitu. Hapa mimi nilimchukia Fundi, nisiseme uongo. Nyumba ya mjane inaondoka na wewe unachonga penseli.

Siku ya arobaini watu wakajaa uani, mikeka imetandikwa. Kitambaa kikaondolewa kwenye picha. Chini yake imeandikwa kwa wino jina la Lugendo, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kufa.

Watu wakaangalia picha, wakaona kufanana na Shija ni kawaida ya ndugu, wakamwangalia mtoto. Mtoto pua kama ncha ya mkuki, na ya kwenye picha imekaa kama ndara.

"Hawa hawafanani hata kwa dawa," mtu akasema.

Nyamizi akasimama. "Huyu siye mume wangu. Mume wangu hakuwa na pua hii."

"Shemeji," Shija akasema kwa upole ule wa kuumiza, "sisi utatufundisha sura ya ndugu yetu?"

Wakacheka. Watu wazima, waliokula ubwabwa wa msiba wa mume wake, wakacheka.

Bi Kalunde akainuka. Macho yake hayaoni mbali, kwa hiyo akaisogelea picha mpaka pumzi ikagusa kioo. Akaweka kidole mbele ya sikio la kushoto. Palichorwa kitundu kidogo pale, kidogo kama alama ya sindano.

"Mvueni mtoto kofia," akasema.

Wakamvua. Akamgeuza kichwa. Mbele ya sikio la kushoto, kitundu kilekile.

Bi Kalunde akamgeukia Nyamizi. "Mke wetu, mumeo alikuwa na kitundu hiki?"

Jamani, hebu jiweke pale. Neno moja tu, ndiyo, na nyumba imebaki. Nani angembishia? Kwa alivyojua yeye, hakuna hata mmoja anayeijua sura ya yule mtu.

"Hapana, shangazi," Nyamizi akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Hakuwa nacho. Mtoto amezaliwa nacho, nikadhani ni kasoro, ndiyo maana namvalisha kofia."

Shija akapiga makofi. "Mmesikia wenyewe. Amekiri."

"Nyamaza," Bi Kalunde akamwambia. "Mchoraji yupo? Hiki umekitoa wapi?"

Fundi Mihambo alikuwa amesimama nyuma kabisa. Alijua akifungua mdomo, fremu imekwenda. Akafungua. "Nilichora nilichokiona, mama. Aliyekaa kwenye kigoda changu siku tatu ni huyu kaka mtu."

Shingo zote zikageuka. Shija akaupeleka mkono kwenye sikio lake, maana miaka yote hiyo hakuwahi kujua kuna nini pale.

"Toa mkono," shangazi akasema. Akautoa. Kitundu kipo.

"Nimewaogesha watoto wa ukoo huu tangu sijaolewa. Kitundu hiki alikuwa nacho baba yenu mzazi. Kinamruka mmoja, kinamshika mwingine. Kilimruka Lugendo, kikakushika wewe, kikamrudia mwanawe."

"Shangazi, vitundu hivi wanavyo watu wengi," Shija akasema.

Mjomba mmoja aliyekuwa amejinyoosha mkekani akajiinua kwa kiwiko. "Sawa, mpwa wangu. Basi tuseme mtoto si wa Lugendo, ana alama kama yako tu. Labda ile safari yako ya machimboni kuna mahali uliisimulia nusu."

Kicheko kilichotoka hapo, Shija alikaa chini bila kuambiwa.

Bi Kalunde hakucheka. "Kama mtoto hafanani na mdogo wako, pua ya mdogo wako uliificha ya nini?" Akanyoosha kiganja. "Simu."

Na jueni simu ilikuwa wapi. Mfukoni mwake, siku zote hizo. Wakaiwasha, picha ya kwanza ikatokea: Lugendo amembeba mwanawe, pua mbili nyembamba zimenyooka, unadhani moja imekatwa kwenye nyingine.

"Mke wetu, ingia ndani kwako ukamlaze mtoto," Bi Kalunde akasema.

Shija akanyanyuka, akaanza kuitoa ile picha kwenye kioo chake aikunje.

"Usiikunje," shangazi akamwambia. "Ipeleke kwako ukaitundike sebuleni, umetoka vizuri. Tarehe ya kufa imeshaandikwa."

Funzo: Anayetaka kumfuta mtoto wa marehemu hujichora mwenyewe mbele za watu. Na wewe mama mwenye hofu, sema kweli hata kama sauti inatetemeka, kwa sababu Nyamizi angesema ndiyo, shangazi aliyemwogesha Lugendo angejua anadanganya, Fundi asingeulizwa kitu, na simu ingebaki mfukoni mwa Shija mpaka leo.